Hedwig Ramseier, Mwenye Bastola kwa Jina Lake

Ndugu, majirani, na wanachama wa Chama cha Shabaha cha Oberlauen, tumekuja kumsindikiza Hedwig Ramseier, aliyezaliwa Stalder, ambaye wengi wenu mlimwita Hedi. Maneno haya yameandikwa na yanasomwa na mwanawe wa pekee, Beat. Humu ndani Beat atatajwa kwa jina kama mtu mwingine yeyote, kwa sababu marehemu aliagiza hivyo. Alisema mtu akianza kusema "mimi" huanza kujitetea. Mchungaji wetu, kwa upole wake, aliomba habari za bastola ziguswe juu juu tu, kwa kuwa hapa ni kanisani. Familia ilimsikiliza, ikamshukuru, ikakataa.

Hedwig alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Februari 1938, katika shamba la Hinterlauen, nusu saa ya kupanda kutoka kanisa hili. Alikuwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Gottfried Stalder na mkewe Rosa. Miaka ya vita baba yake aliishi mpakani na farasi wa jeshi zaidi kuliko alivyoishi nyumbani, na mama yake aliendesha shamba akiwa na watoto wanne na ng'ombe saba. Hedi alipenda kusema kwamba alikuwa na miaka mitano alipojua kwamba kuna mwanamume mwingine nyumbani mbali na fahali.

Alisoma shule ya msingi ya Oberlauen kuanzia mwaka 1945 hadi 1954. Alizaliwa anatumia mkono wa kushoto. Mwalimu wake aliuchapa mkono huo kwa rula kwa miaka mitatu, mpaka Hedi akajifunza kuandika kwa mkono wa kulia, mwandiko mzuri kabisa, na akaendelea kufanya mambo yote mengine kwa kushoto. Alipomaliza shule alipelekwa upande wa wasema Kifaransa kutumikia nyumba ya watu mwaka mzima, kama wasichana wote wa rika lake. Alirudi na Kifaransa cha jikoni na chuki ya kupiga pasi, na vyote viwili alidumu navyo.

Mwezi Aprili 1956 aliajiriwa katika ghala la jeshi la wilaya, chumba cha ushonaji. Kazi yake ilikuwa kushona mifuko ya mkate ya askari, kutia viraka mablanketi, na kukarabati ala za ngozi za bastola. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na tisa. Ala ikija kushonwa mara nyingi ilikuja na umbo la bastola lililojichora ndani ya ngozi, na Hedi, ambaye hakuruhusiwa kuingia chumba cha silaha, alianza kujiuliza kitu chenyewe kikoje. Siku moja fundi wa silaha alimwonyesha. Ilikuwa bastola ya jeshi ya mwaka 1929, ile yenye goti juu ya mgongo ambalo hukunjuka na kujikunja kila risasi inapotoka. Hedi aliishika kwa mkono wake wa kushoto. Baadaye alisema kwamba kilikuwa kitu cha kwanza kilichotengenezwa kiwandani ambacho hakikumlaumu kwa mkono aliozaliwa nao.

Tarehe 6 Mei 1961, siku ya Jumamosi, aliolewa na Ernst Ramseier, mtengeneza jibini wa kijiji hiki, mtu mpole na mwenye mikono mikubwa ambaye wengi wenu mnamkumbuka. Walikuwa na ndoa nzuri. Waligombana mara chache na walipatana mezani.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1963 jeshi lilianza kuuza bastola zake za zamani, kwa kuwa mpya zilikuwa zimeshaingia, na wafanyakazi wa ghala walipewa nafasi ya kwanza. Hedi alichagua moja. Namba za vipande vyake zote zililingana, kuanzia mtutu hadi pini ndogo kabisa, na kwa wanaojua mambo hayo, hilo ndilo neno la kwanza na la mwisho. Ilibaki kibali. Karani wa vibali alimtazama kwa huruma akamwambia amlete mumewe atie sahihi. Ernst alikuwa tayari hata kesho yake. Hedi ndiye aliyekataa.

"Mume wangu anatengeneza jibini," alimwambia karani. "Bastola nanunua mimi."

"Basi, mama, tusubiri jibini lipevuke," karani akajibu, na wenzake wakacheka.

Hedi alisubiri. Kila Jumatano saa ya chakula cha mchana alirudi kwenye dirisha lile lile na fomu ile ile, kwa miezi kumi na minne. Mwishoni alikwenda akiwa na ujauzito wa miezi mitano, na watu kwenye foleni wakampisha wakidhani amekuja kuuliza mambo ya uzazi. Tarehe 15 Julai 1964 karani yule alikuwa likizo. Aliyeshika nafasi yake alisoma fomu, akauliza kama kuna tatizo lolote, akaambiwa hakuna, akagonga muhuri. Kibali kilitoka kwa jina la Hedwig Ramseier-Stalder. Mwanawe Beat alizaliwa Novemba mwaka huo huo, kwa hiyo bastola ilimtangulia, naye hakuacha kukumbushwa.

Kumiliki ni jambo moja, kupata mahali pa kulenga ni jingine. Chama cha Shabaha cha Oberlauen kilikuwa cha wanaume pekee. Mwaka 1966 chama kilikosa mtu wa kukaa kwenye handaki chini ya shabaha, yule anayeshusha karatasi, kuziba matundu na kuinua fimbo kuonyesha risasi ilikoingia. Wanaume waliichukia kazi hiyo kwa sababu ya baridi na tope. Hedi akajitolea. Kwa miaka miwili alikaa handakini kila Jumamosi, risasi zikimpita juu ya kichwa, akiwaonyesha wanaume wa kijiji hiki jinsi walivyolenga. Kila risasi aliiandika kwenye daftari.

Januari 1968, kwenye mkutano mkuu katika hoteli ya Dubu, aliomba uanachama. Mwenyekiti, marehemu Hans-Ueli Gfeller mwenye bucha, alieleza kwa maneno matamu kwamba wanawake wanathaminiwa sana chamani, hasa siku ya kutengeneza saladi ya viazi. Hedi alimwacha amalize. Kisha akaweka daftari mezani.

"Mwenyekiti, nimewaonyesha risasi zenu miaka miwili," alisema. "Najua ya kila mtu iliingia wapi, na najua zile ambazo hazikuingia popote na bado mlizisimulia hapa baa. Nisome, au mpige kura?"

"Dada Hedi, hebu kaa kwanza."

"Nikae kama mgeni au kama mwanachama?"

Walipiga kura. Ishirini na watatu walimkubali, wanne wakamkataa. Wanne hao, kwa haki yao, walikuwa walenga shabaha hodari na hawakuwa na cha kuogopa. Daftari halikusomwa siku ile wala siku nyingine, na familia inawahakikishia wazee waliokaa benchi la nyuma kwamba linazikwa pamoja naye.

Watu wa nje walimwita mkusanyaji wa silaha, nao wakaja nyumbani wakitarajia kuona kabati zima. Hedi alikusanya bastola moja. Lakini hiyo moja aliikusanya mpaka mwisho. Alitafuta ala ya ngozi ya mwaka wake hasa, magazini ya pili ya kutilia risasi, yenye kitako cha mbao, bisibisi ndogo ya kuifungulia, na kitabu cha maelekezo cha jeshi chenye alama ya kikombe cha kahawa ukurasa wa tisa. Kila kimoja kilimchukua miaka. Aliyemfundisha mambo hayo ni Daktari Armin Lüscher, tabibu wa meno wa mjini, ambaye alikuwa na bastola sitini kwenye kabati za vioo na aliitaka hii ya Hedi iwe ya sitini na moja. Alimfundisha pia woga. Alimwambia kila risasi inakula chuma chake, kila kidole kinaacha jasho, na rangi ile nyeusi inayoelekea bluu, rangi ya kiwandani, ikitoka hairudi tena. Hedi, ambaye hakumwogopa karani wala mwenye bucha, alimwogopa tabibu wa meno. Kwa miaka kumi aliifyatua bastola yake mara chache tu kwa mwaka, akaifunga kwenye kitambaa cha mafuta ndani ya droo, na Jumamosi nyingine zote alilenga kwa bastola ya kuazima ya chama. Beat anakumbuka mama yake alivyofungua droo kuitazama na kuifunga tena.

Tukio la tarehe 14 Februari 1978 Ernst mwenyewe alilisimulia mpaka kufa kwake, na kila mara machozi yalimlengalenga. Hedi alitimiza miaka arobaini. Ernst alitaka kumpa zawadi ambayo haipatikani dukani. Kwa siku tatu yeye na binamu yake, aliyekuwa akikarabati madebe ya maziwa, walijifungia karakana. Waliifungua bastola, wakaisugua kwa dawa ya kung'arishia mpaka chuma kikawa cheupe, wakaondoa kila mkwaruzo na kila doa la jeshi, kisha wakaipaka rangi mpya nyeusi inayong'aa. Waliiweka juu ya meza kando ya keki, chini ya leso.

"Imekuwa kama mpya," Ernst alisema. "Eh, Hedi? Kama mpya kabisa."

Daktari Lüscher alikuwa miongoni mwa wageni, na alipoona alisimama akachukua kofia yake.

"Bwana Ramseier, bora ungeitupa mtoni," alisema. "Mtoni ningekwenda kuitafuta."

Ni wakati huo tu Ernst alipoelewa alichofanya. Mtu wa jibini husafisha. Maisha yake yote kitu kisichong'aa kilikuwa kitu kichafu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna uchafu unaotunzwa. Hedi alishuka kwenye ghala la jibini akalia huko, peke yake. Baada ya robo saa alipanda, akamkuta mumewe naye analia, akamwambia awakatie watu keki.

"Sasa haina thamani kwa mtu yeyote," alisema mbele ya wageni wote, "ila kwangu. Jumamosi naenda kuifyatua."

Na alikwenda. Kuanzia siku hiyo alilenga kwa bastola yake kila Jumamosi, mvua na jua, na hakuifungia tena. Mei 1979, kwenye mashindano ambayo nchi nzima hulenga wikiendi moja, alipata beji yake ya kwanza ya shada, ile wanayopewa waliolenga vizuri. Alipata nyingine thelathini na nne. Mpya ya kila mwaka aliivaa kwenye koti la kanisani mpaka nyingine ilipokuja, na mchungaji wa wakati ule alipomuuliza kama ni lazima, alimwambia kwamba wanaume wanavaa zao tangu zamani za babu na hakuna aliyewahi kuwauliza. Ernst alikaa nyuma yake uwanjani kila mwaka na chupa ya kahawa, mpaka alipofariki tarehe 19 Septemba 2003.

Sehemu inayofuata marehemu aliagiza isomwe yote, na msomaji asikohoe.

Tarehe 21 Januari 2019 Hedi aliteleza kwenye barafu mbele ya ghala la jibini na kuvunjika nyonga. Alilazwa wiki saba, hospitali kisha kituo cha mazoezi. Beat, ambaye anafundisha jiografia Zürich na hajawahi kupenda silaha hata siku moja, alikuja kutunza nyumba. Jioni alikaa jikoni akiwaza juu ya mama anayekaribia miaka themanini na mmoja, mjane, mwenye maumivu, peke yake na droo ile. Jumamosi tarehe 9 Februari polisi walikuwa na siku ya kupokea silaha ambazo watu hawazitaki tena. Beat aliichukua bastola, akaipeleka, akatia sahihi kwenye mstari wa mwenye mali. Alifanya hivyo kwa upendo. Ernst naye alifanya kwa upendo, lakini Ernst alichofanya alikiweka wazi mezani.

Hedi alirudi nyumbani Ijumaa tarehe 8 Machi. Alifungua droo kabla ya kuvua koti. Kwa siku nane hakupokea simu ya mwanawe. Siku ya tisa alipiga yeye.

"Beat, njoo," alisema. "Vaa viatu vya kutembea."

Walipanda basi la posta hadi kituo cha polisi, yeye na magongo yake mawili, wala hakutaka kushikwa mkono. Askari aliyekuwa zamu, mwanamke kijana, alifungua orodha. Alieleza kwamba mtaalamu wa makumbusho alikuwa ameshapita kuchagua silaha zenye thamani ya kuhifadhiwa, na hii aliikataa. Aliandika kwamba imesuguliwa na kupakwa rangi upya, haina thamani. Kwa hiyo ilikuwa kwenye sanduku la kuyeyushwa, na sanduku lingeondoka mwezi wa Aprili. Tena mwenyewe ameshatia sahihi, alisema, akimwelekezea Beat kalamu.

Hedi alitoa karatasi kwenye mkoba, akaikunjua juu ya kaunta. Ilikuwa kile kibali cha Julai 1964.

"Mwenyewe ni mimi," alisema. "Huyu ametoa kitu cha mtu."

Askari alisoma jina, akasoma tarehe, akasoma tena jina. "Bibi, unajua hilo linaitwaje kisheria? Unataka kumshtaki mwanao?"

"Nataka bastola yangu. Yeye nitamalizana naye nyumbani."

Bastola ilirudi baada ya siku kumi na moja, pamoja na barua ndefu. Jinsi walivyomalizana nyumbani ni hivi. Hedi alitandika gazeti juu ya meza ya jikoni, akamfundisha mwanawe, mwenye miaka hamsini na minne na shahada mbili, jinsi ya kuhakikisha silaha haina risasi, kuifungua, kuisafisha na kuifunga. Alimfanya arudie mara tano. Beat alisema anaona aibu. Hedi alisema aibu ni yake mwenyewe, akae nayo, lakini asiache mafuta kwenye meza.

"Niliogopa, mama," Beat alimwambia.

"Ungeniuliza. Nina nyonga mbovu, sina kichwa kibovu. Siku mkono ukitikisika nitaiweka chini mwenyewe. Hakuna mtu atakayeniwekea."

Mwisho wa Mei mwaka huo alilenga akiwa ameegemea gongo moja, risasi zote kumi na nane. Alikosa beji kwa pointi moja. Alimwita mwonyeshaji wa handakini, akaomba karatasi, akaihesabu mwenyewe, akakubali, akaenda kunywa kahawa. Mwaka uliofuata hakukuwa na mashindano kwa sababu ya janga la korona, na mwaka 2021 madaktari walimwambia ana ugonjwa wa Parkinson.

Jumamosi moja ya Mei 2022 alifika uwanjani kama kawaida. Alipandisha mkono wa kushoto, na watu wote waliokuwa pale waliona. Hedi alishusha mkono, akatoa magazini, akafungua goti, akamwonyesha msimamizi chumba kitupu cha risasi kama sheria inavyotaka, akaweka bastola mezani. Alisema, "Basi." Kisha aliuliza nani yuko handakini leo, maana anachelewa kuonyesha. Alirudi kila Jumamosi kwa miaka miwili kukaa benchi la nyuma na kukosoa.

Majira ya joto ya mwaka huu alidhoofika sana. Alikataa kituo cha wazee, akashukuru, akakataa tena. Beat alichukua likizo isiyo na mshahara akahamia chumba chake cha utotoni. Wiki mbili kabla ya kufariki Hedi alimwambia kwamba bastola anamwachia yeye.

"Mama, mimi siitaki."

"Najua. Ndiyo maana." Alipumzika kidogo kabla ya kuendelea, kwa kuwa sauti ilikuwa imeshaanza kumpotea. "Wanaoitaka wataitia kwenye kioo. Wewe unaiogopa, kwa hiyo utaishika vizuri. Uifyatue. Ukikosa, ukose."

Hedwig Ramseier alifariki nyumbani kwake Oberlauen, Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, saa moja kasoro robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na sita. Hakuwa na maumivu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetulia.

Sheria inataka mrithi aombe kibali kwa jina lake mwenyewe. Jumatatu iliyopita Beat alikwenda kwenye dirisha akajaza fomu. Mahali pa sababu pana visanduku vitatu, uwindaji, michezo na ukusanyaji, na chini yake mstari mtupu kwa wenye sababu nyingine. Hakuweka alama kwenye kisanduku chochote. Kwenye mstari aliandika, "Mama amesema." Karani aliisoma, akamtazama, akamwambia hiyo si sababu. Beat alimjibu kwamba atarudi kila Jumatano.

Marehemu ameacha mwana mmoja, Beat. Mkwe mmoja, Silvia. Wajukuu wawili, Noemi na Lukas. Dada yake Lina, mwenye miaka tisini na mbili, aliyekaa hapa mbele. Na chama chenye wanachama arobaini na mmoja, kumi na wanane kati yao wanawake. Baada ya mazishi nyote mnakaribishwa hoteli ya Dubu kwa chakula. Saladi ya viazi imetengenezwa na wanaume.

Apumzike kwa amani Hedi wetu, na atakayetaka kumsogeza kutoka alipolala, kwanza alete kibali.